Acha kuhesabu: mwongozo kamili wa misemo ya Kichina yenye namba

Mtu akishasoma Kichina mwaka mmoja hivi anajua kuhesabu, anajua kuuliza bei, anajua kujitambulisha vizuri tu, halafu siku moja bosi wa saiti au muuzaji wa Guangzhou anamtamkia kitu chenye saba na nane ndani yake na yeye anaanza kuangalia vitu vinane viko wapi. Havipo. Namba kwenye misemo ya Kichina mara nyingi haihesabu kitu chochote, ina kazi nyingine kabisa, na ukishaijua hiyo kazi utaweza kukisia maana ya msemo ambao hujawahi kuuona maishani. Ndo maana nasema msikariri msemo mmoja mmoja kutoka kwenye orodha ndefu, mtachoka mapema na mtasahau mapema zaidi. Jifunzeni namba inafanya nini.

Naandika kwa ajili ya wanaosoma Kichina huku wanafikiri kwa Kiswahili: wanafunzi wa Taasisi za Confucius (ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza 2005, ya kwanza Afrika), wakalimani wa miradi ya barabara na reli, wafanyabiashara wanaoenda Guangzhou na Yiwu kufuata mzigo. Uwe tu unajua kusoma pinyin na namba kuanzia moja mpaka kumi, inatosha kuanzia.

Kabla ya kuanza, mjue kuna aina kama tatu hivi. Kuna chengyu (成语), hii ni misemo ya herufi nne iliyoganda kabisa, huongezi wala hupunguzi kitu, mingi imetoka kwenye maandishi ya zamani sana. Kuna methali na semi za kawaida za mitaani, hizi zinaweza kuwa ndefu. Na kuna xiehouyu (歇后语), ya vipande viwili, mtu anasema kipande cha kwanza, cha pili mara nyingine anakuachia umalizie mwenyewe, kiko karibu na kitendawili na jibu lake. Zote tatu zinapenda namba sana.

Hatua ya 1: Nyoosha toni ya moja

Hapa msiruke. Namba moja (一) ukiitamka peke yake ni yī, toni ya kwanza, lakini ikifuatwa na neno la toni ya nne inapanda kuwa yí, na ikifuatwa na toni ya kwanza, ya pili au ya tatu inashuka kuwa yì. Kamusi nyingi zinaandika yī kila mahali, kwa hiyo ukisoma kamusi tu utatamka vibaya na hutajua kwanini watu wanakuangalia. Msemo mzuri wa kufanyia mazoezi ni 一心一意, maana yake kwa moyo mmoja, bila kuyumba. Unatamkwa yì xīn yí yì, moja ya kwanza inashuka sababu xīn ni toni ya kwanza, moja ya pili inapanda sababu yì ya mwisho ni toni ya nne. Ukiusema huo mara nyingi mpaka ulimi uzoee, sheria yote umeimaliza.

Moja ikiwa mwisho wa neno inabaki yī, kwa mfano 万一 (wànyī). Hata kwenye 说一不二 (shuō yī bú èr), yaani mtu akisema moja ni moja, hageuki kuwa mbili, pale pia inabaki yī sababu ndo namba yenyewe inatajwa. Kwa hiyo 一, pinyin nitakayoandika kuanzia hapa ni ile inayotamkwa, sio ya kamusi.

Mbili nayo ina sura mbili, 二 (èr) na 两 (liǎng), na kwenye misemo huwezi kubadilishana, iliyoandikwa ndo hiyohiyo.

Hatua ya 2: Ondoa hesabu kichwani

Sisi wenyewe tunasema siku za mwizi ni arobaini na hakuna mtu aliyewahi kukaa na kalenda kuzihesabu. Wachina nao wana arobaini zao, ila ni nyingi zaidi.

Tatu (三, sān) kwenye maandishi ya zamani mara nyingi ina maana ya mara nyingi, au tena na tena. Tisa (九, jiǔ) ni nyingi kupita kiasi. Hili Wachina wenyewe walilichambua zamani, mwanazuoni mmoja wa enzi ya Qing anaitwa Wang Zhong (1745–1794) aliandika makala maalum kuelezea kwamba tatu na tisa kwenye vitabu vya kale mara nyingi sio idadi halisi. Kwa hiyo ukikuta 九死一生 (jiǔ sǐ yì shēng), kufa tisa kupona moja, mtu anakuambia aliponea chupuchupu, usimuulize hizo mara tisa zilikuwaje.

Mia (百, bǎi), elfu (千, qiān) na elfu kumi (万, wàn) zote ni wingi. Hii 万 iangalieni vizuri sababu Wachina wanahesabu kwa mafungu ya elfu kumi, laki moja kwao ni "kumi za wàn", na wafanyabiashara wengi wanapotea hapo kwenye bei. Kwenye misemo 万 ina maana ya vyote, kila kitu: 万事如意 (wàn shì rú yì), mambo yako yote yaende unavyotaka, hii ni salamu ya mwaka mpya. Na ile 万一 niliyoitaja juu, neno kwa neno ni moja katika elfu kumi, kwenye maongezi ni "ikitokea bahati mbaya", "kama ikatokea". 万一下雨怎么办? (wànyī xià yǔ zěnme bàn), je mvua ikinyesha tutafanyaje? Hilo neno utalisikia kila siku, kila siku kweli.

Hatua ya 3: Soma namba kwa jozi

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote na ukiwa na muda wa kusoma kitu kimoja tu soma hii. Namba kwenye chengyu zinapenda kutembea mbilimbili, na kila jozi ina tabia yake. Ukiona jozi unajua hali ya hewa kabla hujajua maneno mengine.

Anza na saba na nane (七…八…), sababu ndo jozi yenye tabia wazi kabisa: fujo. 乱七八糟 (luàn qī bā zāo) ni shaghalabaghala, vitu vimetawanyika ovyo, utaisikia kwa wazazi wanaogombeza watoto na mabosi wanaogombeza stoo. 七嘴八舌 (qī zuǐ bā shé), midomo saba ndimi nane, watu wote wanaongea kwa wakati mmoja. 七手八脚 (qī shǒu bā jiǎo), mikono saba miguu nane, watu wengi wanasaidiana kitu kwa pupa, kila mtu anashika upande wake. Na 七上八下 (qī shàng bā xià), saba juu nane chini, hiyo fujo iko moyoni, roho iko juujuu, mtu anasubiri majibu ya mtihani au ya hospitali. Hii ya mwisho ina xiehouyu yake nzuri sana: 十五个吊桶打水 (shíwǔ gè diàotǒng dǎ shuǐ), ndoo kumi na tano zinachota maji kisimani, jibu lake 七上八下, sababu saba zinapanda wakati nane zinashuka. Saba na nane ni kumi na tano, hesabu imekubali kabisa.

Tatu na nne (三…四…) karibu kila mara ni ubaya au dharau. 丢三落四 (diū sān là sì) ni mtu msahaulifu, leo kaacha simu kesho kaacha funguo, na hiyo 落 hapa inasomwa là, sio luò, walimu wanapenda kuitegea kwenye mtihani. 挑三拣四 (tiāo sān jiǎn sì) ni mtu wa kuchaguachagua, hakuna kinachomridhisha. 低三下四 (dī sān xià sì) ni kujidhalilisha mbele ya mkubwa. 颠三倒四 (diān sān dǎo sì), maneno au mambo yasiyo na mpangilio, ya mwisho yamekuja mwanzo. 不三不四 (bù sān bú sì) ni mtu asiyeeleweka, wa tabia za ovyo, na hii ni nzito, usimwambie mtu usoni.

Moja na mbili (一…二…) kinyume chake ni usafi na uwazi. 一清二楚 (yì qīng èr chǔ), wazi kabisa, imeeleweka yote. 一干二净 (yì gān èr jìng), safi bila kubaki kitu, mtu kala chakula chote au kasahau yote. Moja na moja ni kukaza kitu kimoja, kama ile 一心一意, au ni kila kimoja, 一举一动 (yì jǔ yí dòng), kila hatua na kila tendo la mtu. Halafu 一五一十 (yì wǔ yì shí), tano kumi, tano kumi, namna watu walivyokuwa wanahesabu sarafu kwa mafungu ya tano tano, ina maana ya kusimulia kitu chote A mpaka Z bila kuficha.

Ukikuta moja na 两, angalia matokeo mawili. 一举两得 (yì jǔ liǎng dé), tendo moja faida mbili. 一刀两断 (yì dāo liǎng duàn), kisu kimoja vipande viwili, kuachana moja kwa moja, hakuna kurudiana. Lakini tatu na 两 pamoja zinaleta uchache, 三言两语 (sān yán liǎng yǔ) ni maneno machache tu. Na kuna 三长两短 (sān cháng liǎng duǎn), ndefu tatu fupi mbili, hii watu wanaitumia kukwepa kutaja kifo au ajali, kama sisi tunavyosema likitokea la kutokea. Iheshimuni, haifanyiwi masihara.

Moja na elfu ni uwiano, kidogo upande huu kikubwa mno upande ule. 一日千里 (yí rì qiān lǐ), siku moja li elfu, maendeleo ya kasi (li moja ya sasa ni nusu kilomita). 一落千丈 (yí luò qiān zhàng) ni kuporomoka vibaya, biashara au jina la mtu.

Zilizobaki kwa haraka. Tatu na tano ni kurudiarudia, 三番五次 (sān fān wǔ cì), mara kwa mara. Nne na nane ni pande zote, 四通八达 (sì tōng bā dá), barabara zimeunganika kila upande. Tano na sita au tano na nane ni aina aina, 五颜六色 (wǔ yán liù sè) rangi za kila namna, 五花八门 (wǔ huā bā mén) vitu vya kila sampuli. Kumi ni ukamilifu, 十全十美 (shí quán shí měi). Mia, elfu na wàn zikichanganyika ni wingi wa kupindukia, 千方百计 (qiān fāng bǎi jì) kutumia kila mbinu, 千辛万苦 (qiān xīn wàn kǔ) mateso na taabu nyingi. Nusu na nusu, 半信半疑 (bàn xìn bàn yí), unaamini nusu una shaka nusu.

Hatua ya 4: Ile isiyokisika, tafuta hadithi yake

Kuna misemo ambayo jozi haikusaidii. Inabeba tukio, na usipojua tukio umekwama. Hizi zisomeni taratibu, moja kwa wiki inatosha, na msome hadithi nzima maana ndo inayoshika kichwani.

Mimi naipenda sana 一鼓作气 (yì gǔ zuò qì). Mwaka 684 KK dola ya Qi ilivamia dola ndogo ya Lu, majeshi yakakutana mahali panaitwa Changshao. Enzi hizo ngoma ndo ilikuwa amri ya kushambulia. Qi wakapiga ngoma, mtawala wa Lu akataka na yeye apige, mshauri wake Cao Gui akamzuia. Qi wakapiga tena, akamzuia tena. Walipopiga ya tatu ndo Cao Gui akasema sasa piga, na Lu wakashinda. Alipoulizwa sababu akaeleza kwamba ngoma ya kwanza inapandisha mori, ya pili mori unapungua, ya tatu umeisha, wao wameisha na sisi ndo kwanza tumepanda. Leo 一鼓作气 inatumika kwa kumaliza kazi kwa mori mmoja bila kupoa katikati.

四面楚歌 (sì miàn Chǔ gē), nyimbo za Chu pande nne. Mwaka 202 KK Xiang Yu, jemadari mkubwa wa Chu, alizingirwa na jeshi la Liu Bang huko Gaixia. Usiku akasikia nyimbo za kwao zinaimbwa kutoka kila upande, na zinaimbwa na adui. Akajiuliza, ina maana Chu yote wameshaichukua, mbona watu wa Chu ni wengi hivi kwao? Moyo ukavunjika. Akatoroka na wapanda farasi wachache na mwisho wake ukawa kando ya mto Wu, Liu Bang akaanzisha utawala wa Han. Ukisema mtu yuko 四面楚歌 unamaanisha kazingirwa na hana msaada popote, sio tu ana matatizo.

朝三暮四 (zhāo sān mù sì), asubuhi tatu jioni nne. Iko kwenye kitabu cha mwanafalsafa wa kale Zhuangzi: mfugaji wa nyani aliwaambia nyani wake watapata mbegu tatu asubuhi na nne jioni, wakakasirika wote, akasema basi nne asubuhi na tatu jioni, wakafurahi. Jumla ni ileile saba. Maana ya asili ilikuwa kudanganywa kwa mpangilio wa maneno, lakini siku hizi inatumika kwa mtu kigeugeu, hasa kwenye mapenzi, leo huyu kesho yule. Kwa hiyo hapa mjue vyote viwili, hadithi ili muikumbuke, na maana ya sasa ili msiitumie kizamani. Na mmeona? Tatu na nne tena, na ni ubaya tena.

三人成虎 (sān rén chéng hǔ), watu watatu wanatengeneza chui milia. Pang Cong wa dola ya Wei, kabla hajasafiri, alimuuliza mfalme: mtu mmoja akikuambia kuna chui milia sokoni utaamini? Hapana. Wawili je? Nitaanza kuwa na shaka. Watatu? Nitaamini. Akamwambia sokoni hakuna chui milia, ila watu watatu wamemtengeneza. Alikuwa anajua akiondoka atasemwa vibaya, na kweli ilikuwa hivyo. Sisi tuna "lisemwalo lipo, na kama halipo laja", Wachina hapa wanasema kinyume chake kabisa, na kwa zama hizi za kufowadi kila kitu kwenye magrupu mimi nadhani huu msemo wa Pang Cong tungeuhitaji sana.

Na 三顾茅庐 (sān gù máo lú), kutembelea kibanda cha nyasi mara tatu. Mwaka 207 BK Liu Bei, mtu mzima mwenye jina, alimfuata kijana Zhuge Liang ambaye hajafika hata miaka 30, mara mbili hakumkuta, ya tatu ndo wakaonana. Hapa tatu ni tatu ya kweli. Inatumika mkubwa anapojishusha kumwomba mtu mwenye uwezo aje afanye naye kazi.

Hatua ya 5: Jua vipimo na hesabu za zamani

Kuna kundi dogo linalotoka dukani na kwenye abakasi (kile kifaa cha kete cha kuhesabia), na bila kujua mambo ya dukani huwezi kulielewa hata ukipewa tafsiri.

半斤八两 (bàn jīn bā liǎng), nusu jin na liang nane. Leo China bara jin moja ni gramu 500 na ina liang kumi, kwa hiyo nusu jin ni liang tano, na mwanafunzi anaona msemo umekosea. Haujakosea. Zamani jin moja ilikuwa na liang 16, nusu yake ni nane, mfumo wa kumi ulikuja 1959. Maana: hao wawili ni walewale, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Huohuo mfumo wa 16 ulizaa 一退六二五 (yí tuì liù èr wǔ), ilikuwa fomula ya wapiga abakasi, moja ukigawa kwa 16 unapata 0.0625. Herufi 退 (tuì) inasikika karibu na 推 (tuī), kusukuma, basi watu wakaifanya iwe na maana ya mtu anayesukumia wengine lawama yote, yeye hajui chochote. Kila ofisi ina mtu wa hivyo.

三下五除二 (sān xià wǔ chú èr) nayo ni ya abakasi: ukitaka kuongeza tatu na kete za chini hazitoshi, unashusha kete ya tano na unaondoa mbili. Maana yake kufanya kitu chapchap. Na 不管三七二十一 (bùguǎn sān qī èrshíyī), bila kujali kwamba tatu mara saba ni ishirini na moja, yaani liwalo na liwe.

Hatua ya 6: Tafuta ndugu yake wa Kiswahili, ila uhakikishe ni ndugu kweli

Hii inasaidia kukumbuka kuliko kitu kingine chochote. 一山不容二虎 (yì shān bù róng èr hǔ), mlima mmoja hautoshi chui milia wawili, huyo ni mafahali wawili hawakai zizi moja, mtu na pacha wake. 五十步笑百步 (wǔshí bù xiào bǎi bù), aliyekimbia vita hatua hamsini anamcheka aliyekimbia mia, mfano ambao mwanafalsafa Mencius alimpa mfalme Hui wa Liang, kwetu ni nyani haoni kundule. 一诺千金 (yí nuò qiān jīn), ahadi moja dhahabu elfu, iko jirani na ahadi ni deni, ila ya Kichina ni sifa kwa mtu anayetimiza na ya kwetu ni onyo kwa anayeahidi. 三天打鱼,两天晒网 (sān tiān dǎ yú, liǎng tiān shài wǎng), siku tatu kavua siku mbili kaanika nyavu, kwa Bongo hiyo ni nguvu ya soda.

Sasa mitego. 一个巴掌拍不响 (yí gè bāzhang pāi bù xiǎng), kiganja kimoja hakipigi kofi likasikika. Ukiisikia haraka utadhani ni mkono mmoja haulei mwana, na utaitumia kuhamasisha watu washirikiane. Kwa kawaida Wachina wanaisema kwenye ugomvi, kwamba wote wawili mna makosa, hakuna anayegombana peke yake. Ukimwambia hivyo mtu aliyeonewa umemuumiza. Mtego mwingine ni 脚踏两只船 (jiǎo tà liǎng zhī chuán), mguu huku mguu kule kwenye mashua mbili, inafanana na njia mbili zilimshinda fisi, lakini masikioni mwa vijana wa Kichina kitu cha kwanza ni mtu mwenye wapenzi wawili. Usiitumie kumweleza mteja kwamba unafanya kazi mbili.

Hatua ya 7: Iweke kwenye sentensi

Chengyu sio pambo la kubandika mwisho wa sentensi. Nyingi zinakaa pale kinapokaa kivumishi au kitenzi. 你的房间乱七八糟 (nǐ de fángjiān luànqībāzāo), chumba chako kiko shaghalabaghala, imetosha, huhitaji 很 (hěn, sana) mbele yake sababu msemo wenyewe tayari umekolea. 我心里七上八下的 (wǒ xīnlǐ qī shàng bā xià de), roho iko juujuu, na hiyo 的 ya mwisho inaifanya isikike ya kuongea. Ukieleza namna ya kufanya kitu weka 地 (de) kabla ya kitenzi: 他一五一十地告诉了老板 (tā yì wǔ yì shí de gàosu le lǎobǎn), alimweleza bosi kila kitu. Ukielezea nomino weka 的: 一举两得的好事, jambo zuri lenye faida mbili. 你们俩半斤八两 (nǐmen liǎ bàn jīn bā liǎng), nyie wawili ni walewale, hapo imesimama yenyewe kama kiarifu.

Na msirundike. Msemo mmoja uliokaa mahali pake kwenye mazungumzo marefu unamfanya Mchina akae vizuri akusikilize, mitano kwenye dakika moja inachosha.

Hatua ya 8: Namba za mtaani na za kwenye simu

Hizi sio chengyu ila usipozijua zitakuponza. 二百五 (èrbǎiwǔ), mia mbili hamsini, ni mjinga, kwa hiyo ukipanga bei na mtu usimtajie 250, sema 248 au 260. Shanghai wana 十三点 (shísān diǎn), saa kumi na tatu, nayo ni ya mtu asiye na akili timamu. 三八 (sānbā) ni tusi kwa mwanamke, ijue ili ukiisikia uelewe, usiitumie. Nne (sì) inakaribiana na kifo (sǐ), majengo mengi yanaruka ghorofa ya nne, na nane (bā) inafanana na 发 (fā) ya kutajirika, ndo maana Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2008 saa mbili usiku, ambayo kwa saa ya Kichina ni saa nane.

Kwenye chati utakutana na 88 (bābā), kwaheri, 520 (wǔ èr líng), nakupenda, kwa jinsi inavyosikika, na 666, uko vizuri sana, umetisha, hii ilienea kupitia wacheza magemu. Zitumieni na marafiki, kwa bosi na kwa mzee hapana.

Hatua ya 9: Mazoezi

Chukua daftari, gawa kurasa kwa jozi za namba na sio kwa herufi za alfabeti: ukurasa wa 七八, wa 三四, wa 一二, wa 千万. Kila msemo mpya uweke kwenye jozi yake, pembeni andika kama ni sifa, ni lawama au hauegemei upande, na andika sentensi moja ya maisha yako halisi, sio ya kitabu. Kisha mwombe Mchina unayemfahamu aisikilize, sio kuisoma, sababu toni ya 一 haionekani kwenye karatasi.

Jaribu sasa hivi na hii minne, funika majibu kwanza: 说三道四 (shuō sān dào sì), 七零八落 (qī líng bā luò), 千山万水 (qiān shān wàn shuǐ), 一问三不知 (yí wèn sān bù zhī). Wa kwanza una 说, kusema, na jozi ya ubaya, kwa hiyo ni kusengenya na kuwasema watu ovyo. Wa pili una 落, kuanguka, na jozi ya fujo, vitu vimesambaratika huku na huku. Wa tatu ni milima na mito isiyohesabika, safari ndefu yenye taabu. Wa nne ni swali moja, "sijui" tatu, mtu ambaye kila unachomuuliza hajui, na kama wa nne ulikisia kwamba tatu pale ni "kila kitu" nenda kafungue ukurasa wa 一三 kwenye daftari.